Kitovu cha ndama kimevimba, kinavuja au kinanuka: tafuta chanzo kabla ya kushika dawa

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa humkagua ndama mchanga mara mbili tu: siku anapozaliwa, ili kujua ni dume au jike, na siku anapogoma kunywa maziwa. Kati ya siku hizo mbili kitovu huwa kimeshaharibika bila mtu kukigusa. Hapa nimepanga mambo kwa dalili, yaani kile unachokiona au kukishika bandani, kisha chanzo chake, kisha cha kufanya. Ndama ndiye amechukua nafasi kubwa, maana kwake kitovu kibovu hujificha muda mrefu kabla ya kuua. Mwishoni utakuta mbwa na vifaranga pia. Kifaranga naye ana kitovu, na huenda ndicho kilichowamaliza wale uliowanunua wakiwa wa siku moja.

Kabla ya yote, kanuni moja ambayo sitaichoka kuirudia: usitoboe, usichome wala usifunge kamba uvimbe wowote wa kitovu kabla hujajua ndani yake kuna nini. Nje uvimbe wa usaha na uvimbe wenye utumbo vinaweza kufanana kabisa.

Kitovu kizima kikoje

Ndama akiwa tumboni, kamba ya kitovu hupitisha vitu vitatu. Kwanza kuna vena, mishipa inayoleta damu yenye chakula na hewa kutoka kwenye kondo. Ikishaingia tumboni mwa ndama huungana kuwa mmoja na kuelekea mbele hadi kwenye ini. Pili kuna ateri mbili zinazorudisha damu kwa mama, zikipita upande wa nyuma, kandokando ya kibofu. Tatu kuna mrija mwembamba unaotoa mkojo wa kijusi kutoka kwenye kibofu. Kumbuka pande hizi mbili, mbele ini na nyuma kibofu, kwa sababu tutazihitaji tunapotafuta usaha umeelekea wapi.

Ndama anapodondoka, au mama anaposimama, kamba hukatika yenyewe. Ateri na ule mrija wa mkojo hujivuta na kurudi ndani ya tumbo. Kinachobaki kuning'inia ni vena pamoja na utando unaoifunika. Kwa hiyo kile kipande kibichi unachokiona ni njia iliyo wazi, na inaelekea moja kwa moja kwenye ini.

Siku ya kwanza kipande hicho ni laini, kimelowa na kina weupe wenye wekundu kidogo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne husinyaa, hukauka na kuwa cheusi. Kwa kawaida hudondoka wiki ya pili, na wakati mwingine hukawia hadi ya tatu. Ndama wa wiki moja ukimshika pale kamba inapoingia kwenye ngozi, unene ukizidi kidole gumba, anza kushuku. Joto lake la mwili linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.5. Ikifika 40, hiyo ni homa. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha. Paka mafuta kidogo, ingiza njia ya haja kubwa na uhakikishe ncha inagusa ukuta wa utumbo badala ya kuzama kwenye kinyesi.

Jambo lingine huwatia watu hofu bure. Ndama wa Boran na Sahiwal, na machotara wao, wana ngozi ndefu inayoning'inia kitovuni tangu kuzaliwa. Ukiishika unakuta mikunjo miwili ya ngozi laini, hakuna kitu katikati, hakuna joto, wala hakuna tundu kwenye ukuta wa tumbo. Hilo ni umbile la mbegu yake, wala halihitaji dawa.

Damu inachuruzika baada ya kuzaliwa

Matone machache kamba inapokatika ni ya kawaida. Damu inayotiririka bila kukoma si ya kawaida, na mara nyingi chanzo ni mkono wa mtu: kamba imekatwa kwa wembe au kisu. Mshipa unaokatika kwa kuvutika hujikunja na kujiziba. Unaokatwa kwa wembe hubaki na mdomo wazi. Ndiyo maana kama kamba imekatika yenyewe huna sababu ya kuifuata na wembe eti uifupishe ipendeze.

Nawa mikono, bana kamba kwa vidole kwa dakika tano nzima bila kufungua kuchungulia. Damu ikiendelea, funga kwa uzi uliochemshwa au uliolowekwa kwenye ayodini, sentimita mbili au tatu kutoka kwenye ngozi. Usifanye kufunga kuwe desturi kwa kila ndama, maana uzi huzuia majimaji yasichuruzike na kukauka. Kama kamba imekatikia kwenye ngozi kabisa na hakuna cha kushika, kandamiza kwa kitambaa safi na uite daktari wa mifugo. Fungua mdomo wa ndama utazame fizi. Zikiwa nyeupe, ameshapoteza damu nyingi na hakuna muda wa kungoja kupambazuke.

Kitovu kimelowa tu, hakikauki

Hapa tumia pua. Harufu ya mkojo ina maana moja, harufu ya uozo ina maana nyingine.

Kwa ndama dume, tundu la kukojolea liko nyuma kidogo tu ya kitovu, na manyoya ya hapo hulowa kila siku. Kabla hujasema mrija wa mkojo haujaziba, mwangalie akikojoa. Mara nyingi ndama hukojoa muda mfupi baada ya kuamka au kunywa maziwa, kwa hiyo chuchumaa kando usubiri. Mkojo ukitoka pale unapotakiwa kutoka, shida yako ni malalo mabichi. Kwa jike jibu ni rahisi zaidi: mkojo wake unatoka chini ya mkia, hivyo tone lolote la mkojo kitovuni linatoka kwenye mrija ulio wazi.

Kwa ndama tatizo hilo ni adimu, kwa kuwa mrija wake hujivuta ndani. Kwa mtoto wa punda au farasi hutokea zaidi. Wakati mwingine mrija huwa uliziba kisha ukafunguka tena baada ya siku kadhaa, na hiyo ni ishara kwamba kuna maambukizi yanayoula kutoka ndani. Mtoto wa punda anayedondosha mkojo kitovuni ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Chanzo kingine husahaulika: kunyonywa na wenzake. Ndama waliofungwa pamoja, hasa wale wanaonyweshwa maziwa kwa ndoo na kumaliza haraka, hubaki na hamu ya kunyonya na hugeukia kitovu cha jirani, masikio au chuchu. Utaona kitovu kimelowa mate, manyoya yamelala upande mmoja, ngozi nyekundu. Tenga kila ndama peke yake angalau hadi kitovu kidondoke, na ukiweza mpe maziwa kwa chuchu ya mpira ili anywe taratibu.

Kitovu kimevimba, kina joto, kinauma, kinanuka

Hili ndilo tatizo kubwa, na ndipo ninapomwomba mfugaji asiwe na haraka. Ndama hukunja mgongo ukimgusa, au hurusha teke. Kitovu ni kinene, kina moto kuliko ngozi ya jirani, na ukibonyeza unaweza kuona usaha. Wakati mwingine hakitoi kitu kwa sababu kigaga cha nje kimeziba, na usaha umebaki ndani ukitafuta pa kwenda.

Mshike hivi. Mtu mmoja amlaze ndama ubavu, akunje miguu ya mbele. Wewe piga magoti nyuma ya mgongo wake, nawa mikono, kisha weka vidole vinne vya mkono mmoja upande huu wa kitovu na vya mkono mwingine upande ule. Subiri apumue na tumbo lilegee. Ndama aliyekaza tumbo hatakuonyesha chochote. Bonyeza taratibu kuelekea ndani na ufuatishe upande wa mbele, kuelekea ubavu wa kulia ambako ndiko ini liliko. Kisha rudi, ufuatishe upande wa nyuma, kuelekea nyonga. Kwa ndama mzima hutapata kitu cha maana. Kwa mgonjwa, vidole hukutana na kamba ngumu.

Kamba hiyo ikielekea mbele, vena imeoza na usaha unaelekea kwenye ini. Ndama wa namna hii hudumaa, manyoya husimama, hamu ya maziwa hupanda na kushuka, na homa huja na kuondoka. Anaweza kuishi hivyo wiki nyingi huku ini likijaa majipu. Kamba ikielekea nyuma, tatizo liko kwenye ateri au kwenye mrija wa mkojo. Mrija ulioambukizwa huvuta kibofu na kukizuia kisinywee vizuri, kwa hiyo utaona ndama anakojoa kidogo kidogo, mara nyingi, akiinua mkia na kujikamua.

Ikiwa uvimbe ni wa nje tu, ndama ananyonya vizuri na hana homa, osha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, ondoa kigaga taratibu ili usaha utoke wenyewe, kausha, paka ayodini asubuhi na jioni, na umhamishie kwenye malalo makavu. Umpe siku mbili. Hali isipobadilika, au kukiwa na homa, au vidole vikakutana na ile kamba ndani, anahitaji viuavijasumu kwa sindano, na hapo ni kazi ya daktari kuchagua dawa na kipimo. Matibabu huchukua siku nyingi, mara nyingi wiki nzima au zaidi. Kosa ninaloliona kila mahali ni kuchoma sindano moja, ndama akachangamka kesho yake, na chupa ikarudishwa darini. Usaha ulio ndani ya vena hauishi kwa sindano moja. Unatulia, kisha unarudi ukiwa sugu zaidi. Wengine huhitaji kupasuliwa na kuondolewa mshipa mzima, upasuaji ambao hufaulu zaidi ukifanywa mapema.

Ile dawa ya zambarau ya kupuliza inafaa kwa ngozi ya nje. Haifiki ndani, na rangi yake nzito huficha hali ya kitovu, hivyo ukishapuliza hujui tena kama kinapona au kinaoza. Majivu, kinyesi, mafuta ya gari na unga wa betri nimevisikia vyote. Hakuna hata kimoja kinachosaidia, na kinyesi huleta vimelea vya pepopunda, ugonjwa tutakaoufikia muda si mrefu.

Uvimbe laini, hauna joto, hauumi

Fikiria ngiri. Ukuta wa tumbo haukufunga vizuri pale kamba ilipopita, ukaacha tundu, na mafuta au utumbo umejisukuma nje chini ya ngozi. Mara nyingi uvimbe hupungua ndama akilala chali na kurudi akisimama au akishiba.

Jaribio lake ni moja. Mlaze chali, sukuma uvimbe taratibu kurudi ndani. Kilichomo kikirudi tumboni, vidole vyako vitabaki vimezunguka mdomo wa tundu, ukingo mgumu wa duara au yai. Ingiza vidole upime. Kidole kimoja au viwili, ndama ana wiki chache, anakua vizuri: subiri, lakini mpime kila wiki na uandike, kwa sababu matundu madogo mengi hufunga yenyewe kabla ya mwezi wa nne. Vidole vitatu na zaidi, au tundu linalopanuka kila ukipima, au lililobaki wazi baada ya umri huo: panga upasuaji na daktari. Operesheni ya ndama mdogo ni nyepesi kuliko ya mtamba mwenye mimba.

Kisichorudi ndani kinaweza kuwa jipu, kinaweza kuwa ngiri iliyogandana, na kinaweza kuwa vyote viwili pamoja, usaha chini na utumbo juu yake. Mchanganyiko huo upo mwingi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu kitovu kilichooza hudhoofisha ukuta na kuzuia tundu lisifunge. Ndiyo maana kisu cha haraka kinaua. Daktari ataingiza sindano mahali sahihi au kutumia mashine ya kupiga picha kwa mawimbi ya sauti kabla ya kupasua.

Nimekuta pia wafugaji wakifunga uvimbe kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, wakitarajia udondoke. Kama ndani kuna kipande cha utumbo, umekinyonga. Ngiri iliyonyongwa, kwa mpira au yenyewe, ina dalili zake: uvimbe uliokuwa laini unakuwa mgumu na wa moto ghafla, haurudi tena, ndama anagoma maziwa, anajipiga tumbo kwa mguu, analala na kuamka, anasaga meno. Hiyo ni dharura ya saa, siyo ya siku.

Dharura kubwa zaidi ni utumbo kutoka nje kabisa kupitia kitovu mara baada ya kuzaliwa. Mlaze ndama chali, mzuie asisimame, mfukuze mama asilambe. Chemsha maji, yapoe, tia kijiko cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, lowesha kitambaa safi na ufunike utumbo wote. Usiusukume ndani mwenyewe. Piga simu.

Ngiri mara nyingi ni ya kurithi, na Friesian wanaongoza kwa kuwa nayo. Dume mwenye ngiri, hata aliyefanyiwa upasuaji akapona kabisa, asitumike kupanda. Ukipata ndama wawili wenye ngiri kutoka mbegu moja ya uhimilishaji, mwambie mhimilishaji namba ya dume, na wewe ibadili.

Goti limevimba

Mazungumzo haya hurudiwa kila msimu wa kuzaa, majina tu ndiyo hubadilika:

"Bwana mifugo, ndama wangu kaumia goti. Nadhani mama yake kampiga teke."

"Pole sana mama. Ni goti moja au yote?"

"Lilianza la kulia, leo naona na la kushoto."

"Ana umri gani? Na kitovu chake umekishika?"

"Wiki mbili na siku kidogo. Kitovu mbona kilishakauka."

Nje kimekauka kweli. Ndani, ukifuatisha kwa vidole, ile kamba ngumu ipo. Vimelea vimeingia kwenye damu kupitia kitovu na kutua kwenye viungo, hasa magoti ya mbele na viwiko vya miguu ya nyuma. Teke huumiza kiungo kimoja. Viungo viwili vilivyovimba kwa ndama wa chini ya mwezi, vyenye joto, naye hataki kukanyagia, hiyo ni sumu ya kitovu hadi ithibitike vinginevyo. Wanambuzi na wanakondoo hupata ugonjwa huu pia.

Usikande kwa maji ya moto ukangoja. Kila siku inayopita, usaha unakula gegedu la kiungo, na gegedu halioti upya vizuri. Akitibiwa siku ya kwanza au ya pili ana nafasi. Akifikishwa baada ya wiki, huenda akaishi akiwa kilema. Daktari anaweza kuosha kiungo kwa sindano na kumpa dawa kwa wiki mbili au zaidi. Akiwa na macho yenye ukungu, shingo iliyokakamaa au anapoteza fahamu, vimelea vimefika kwenye ubongo, na hapo uamuzi wa busara unaweza kuwa kumwondolea mateso.

Kitovu kina tundu linalotembea

Ukiona ngozi ya kitovu inachezacheza na majimaji yenye damu na harufu nzito yanatoka, kuna funza. Barani kwetu yupo inzi aitwaye Chrysomya bezziana, ambaye hutaga mayai kwenye kingo za kidonda cha mnyama aliye hai, na kitovu kibichi ni moja ya sehemu anazozipenda mno. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Funza huzama kichwa chini, wakila nyama mbichi, na baada ya siku tano hadi saba hudondoka ardhini kugeuka inzi.

Nyoa manyoya yanayozunguka, safisha, watoe mmoja mmoja kwa koleo dogo hadi wa mwisho, na uwatie kwenye chupa yenye spiriti. Ukiwatupa chini umewasaidia. Daktari ataongeza sindano ya ivermektini kwa kipimo cha uzito wa ndama, na kidonda kioshwe kila siku hadi kifunge. Kwa jinsi inzi wa aina hii walivyo tishio, ndugu yake wa Amerika alipoingia Libya mwaka 1988, ililazimu kumwaga kutoka angani zaidi ya inzi bilioni moja waliotasishwa, waliosafirishwa kutoka Meksiko, ndipo wakatokomezwa.

Anakakamaa

Mwanambuzi, mwanakondoo au mtoto wa punda mwenye wiki moja hadi tatu amesimama kama stuli, miguu imetanuka, mkia umenyooka, masikio yamesimama, kope la ndani la jicho limefunika nusu ya jicho, na ukipiga makofi anashtuka mwili mzima. Taya hazifunguki. Ni pepopunda, na kitovu ni moja ya njia zake kuu. Ng'ombe huugua mara chache zaidi kuliko mbuzi, kondoo na punda. Mweke mahali penye giza na kimya, umwite daktari, lakini ujue wengi hawaponi. Kwenye boma lenye historia ya ugonjwa huu, chanjo apewe mama wiki chache kabla ya kuzaa, ili kinga ipite kwenye maziwa ya kwanza.

Watoto wa mbwa

Jike mwenyewe hutafuna kamba, nayo hudondoka ndani ya siku mbili tatu. Jike anayezaa mara ya kwanza anaweza kutafuna hadi kwenye ngozi, kwa hiyo mwangalie. Kivimbe kidogo laini kitovuni mwa mtoto wa mbwa mara nyingi ni kipande cha mafuta, na hubaki bila madhara. Kikubwa kinachoingia kidole ni cha daktari.

Vifaranga wana tumbo kubwa na wanakufa siku za kwanza

Kifaranga hukaa yaini akilishwa na kiini. Siku moja au mbili kabla ya kutotolewa, kiini kilichobaki huvutwa ndani ya tumbo lake, na ngozi hufunga juu yake. Pale ilipofungia ndipo kitovu. Kiini hicho humlisha siku za mwanzo, na ndiyo maana vifaranga huweza kusafirishwa umbali mrefu bila chakula.

Wakifika, kabla hujalipa, chukua kadhaa kutoka pembe tofauti za boksi na uwalaze chali kiganjani. Kitovu kizuri kimefunga, ni kikavu, unakitafuta kwenye manyoya. Kibaya kina kigaga cheusi, uzi unaoning'inia, au kimelowa. Tumbo lililovimba, lenye rangi ya bluu na harufu mbaya, maana yake kiini kimeoza ndani. Dawa ya kuwekwa kwenye maji haikifikii kiini ipasavyo, kwa hiyo usitumie fedha nyingi hapo. Watenge dhaifu, hakikisha joto la bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, ni nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, maana kifaranga aliyepigwa baridi hashindwi tu kula, hata kiini chake hakitumiki vizuri. Mjulishe aliyekuuzia ndani ya siku hizo za mwanzo, ukiwa na idadi ya waliokufa kwa kila siku na picha za vitovu.

Kama mashine ya kutotolesha mayai ni yako, tazama mayai kwanza. Yenye kinyesi usiyaingize, na usiyaoshe kwa maji baridi, kwa sababu yai lililopoa hufyonza uchafu kupitia matundu ya ganda. Kisha tazama joto, ambalo kwa mashine yenye feni ni nyuzi 37.5, na unyevu. Unyevu ukizidi siku zote 18 za mwanzo, yai halipotezi maji ya kutosha, kifaranga huwa mzito na mwenye tumbo la maji, na kitovu hushindwa kufunga. Osha sehemu ya kutotolea baada ya kila kundi.

Ndama wa pili na wa tatu wameugua vilevile

Acha kuangalia ndama, angalia banda. Na anza na maziwa ya kwanza, kabla hata ya ayodini. Kwa binadamu, kinga ya mama hupita kwenye kondo, mtoto akazaliwa nayo. Kondo la ng'ombe halipitishi kinga hiyo. Ndama huzaliwa mtupu na hutegemea dang'a peke yake, na utumbo wake huacha kuipokea kinga hatua kwa hatua hadi saa 24. Kiasi ni asilimia 10 ya uzito wake: ndama wa kilo 30 anahitaji lita tatu, aanze ndani ya saa mbili, amalize ndani ya saa sita. Aliyezaliwa saa nane usiku akanyweshwa saa tatu asubuhi, wakati wa kukamua, ameshachelewa.

Kisha mahali pa kuzalia. Kama ng'ombe anazaa palepale anapolala siku zote, kitovu kinadondokea kwenye mkojo na kinyesi. Tenga kona moja, ikauke, tandika nyasi kavu au maranda safi, na uyabadilishe kila baada ya uzazi. Piga goti hapo dakika moja. Suruali ikilowa, kitovu nacho kitalowa. Vaa glavu unapomsaidia ng'ombe kuzaa au unaposhika kondo, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza watu.

Mwisho ayodini. Inayofaa zaidi ni ile ya spiriti, yenye nguvu ya asilimia 7, kwa kuwa spiriti husaidia kukausha. Dawa ya kuchovya chuchu baada ya kukamua ina mafuta ya kulainisha ngozi, hivyo hukawiza kitovu kukauka. Mimina kiasi kwenye kikombe kidogo, inua kikombe hadi kigusane na tumbo, kamba yote izame pamoja na ngozi inapoanzia, hesabu hadi thelathini. Fanya hivyo ndani ya nusu saa ya kuzaliwa, na urudie baada ya saa 12. Kupuliza huacha upande wa nyuma mkavu. Iliyobaki kikombeni imwage, usiirudishe kwenye chupa, maana uchafu wa ndama huyu utampata anayefuata. Chupa yenyewe iweke gizani ikiwa imefungwa vizuri, na uandike ubavuni tarehe uliyoifungua.